Gemu Gumu Nililocheza Edani

Jumamosi. Mawingu yametanda juu ya Kariakoo tangu asubuhi na mvua imekataa kushuka. Feni inazungusha hewa ileile ya chumbani. Nimejilaza kitandani na simu, khanga kifuani, naandika.

Leo mchana watu walikaa sebuleni kwangu kujadili nikae wapi.

Nitafika huko. Kwanza niwajibu mlionitumia ujumbe mkiuliza kama blogu imekufa. Haijafa. Aliyefariki ni mume wangu. Mfaume, yule niliyekuwa nikimtania humu kwamba kila nikicheza analala kwenye kochi pembeni yangu, miguu yake kwenye mapaja yangu, na nikishinda haoni. Alianguka kazini, mtaa wa Gerezani, kwenye duka la spea, akiwa amesimama anaongea na mteja. Walimfikisha hospitali akiwa ameshaondoka. Moyo, walisema. Sikuwa najua kwamba moyo wa mtu wa umri wake unaweza kusimama tu, bila kutoa taarifa.

Kwa hiyo nimekaa eda. Wasomaji wangu mlioniuliza eda ni nini: mjane wa Kiislamu anakaa katika nyumba aliyoachwa na mumewe mpaka muda wake utimie. Hajipambi, hajipaki manukato, hatoki ila kwa dharura. Hakuna aliyenilazimisha. Naamini ninachokifanya. Ila hata ukiwa umekubali mwenyewe, kuta ni kuta.

Tunakaa ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitambaa vya jumla. Kuanzia asubuhi spika ya chini inataja bei za madira, wenye mikokoteni wanapiga kelele wapishwe, mtu anagombana na mtu kuhusu mzigo. Kabla ya haya yote nilikuwa chini hukohuko, nina meza yangu ya makava ya simu Mtaa wa Aggrey. Sasa hivi rafiki yangu ananisimamia. Nausikia mji wangu wote kwa chini na siwezi kuutia mguu.

Niko na mama mkwe wangu, Bi Somoe. Alikuja kutoka Lindi kwa ajili ya maziko, akabaki ili nisikae peke yangu, maana mama yangu mzazi yuko Masasi anamuuguza baba. Bi Somoe ana magoti mabovu. Zile ngazi alizipanda siku aliyofika na hajazishuka tena. Hana anayemjua mtaani. Kwa hiyo humu ndani tumefungiwa wawili, na mmoja wetu hata eda si yake.

Wiki za mwanzo nyumba ilijaa. Mikeka, sahani, wanawake wa mtaani, dua. Sikuwa na nafasi ya kufikiri, na nilishukuru. Kisha watu wakarudi kwenye maisha yao, kama inavyotakiwa, tukabaki sisi.

Hatukuwa tunaongea.

Si kwamba tuligombana. Tuliulizana kama chumvi inatosha, kama maji yameletwa, kama umeme umerudi. Kila mmoja alikuwa akiogopa kwamba mwenzake atamtaja Mfaume. Alikuwa akikaa kwenye kochi na tasbihi yake, mimi nikikaa kwenye mkeka, na siku ilikuwa haiishi.

Sasa gemu.

Nilikuwa nimelinunua kabla ya msiba na sikuwahi hata kulifungua. Sitalitaja jina, wachezaji mtalitambua. Siku moja Bi Somoe alikuwa amelala chumbani baada ya adhuhuri, nikawasha TV, nikazima sauti kabisa, nikaketi karibu na kioo kama mtoto anayeiba sukari. Nilijiambia nitacheza kidogo tu nione picha zake zikoje.

Unacheza mtu mmoja asiye na jina, katika nchi iliyokauka. Ngome zimebomoka, visima vimejaa mchanga. Unapigana, unapata nguvu, unapanda leveli, unachagua uwe mtu wa upanga, wa mishale au wa uchawi. Mimi nilichagua mkuki mrefu na ngao kubwa, kwa sababu napenda matatizo yakae mbali nami. Ukifa, kila ulichokusanya kinabaki pale ulipoangukia, na maadui wote uliowaua wanarudi mahali pao. Ukifa tena kabla hujakifikia, ndiyo basi.

Nimekufa sana kwenye gemu hili. Nimekufa kwa mikuki, kwa moto, kwa kuteleza darajani nikiwa sijaguswa na mtu.

Na bado nalisifia, kwa sababu lina haki. Hili ndilo jambo ambalo magemu mengi magumu yanalikosa. Adui hakupigi kwa kushtukiza tu. Anavuta mkono, anainamisha bega, anatoa pumzi. Ukimwangalia vizuri, amekwambia kila kitu. Ukifa unajua ulikosea wapi: ulikuwa na haraka, ulikuwa na tamaa ya pigo moja zaidi, hukumwangalia. Kwa mtu ambaye maisha yake yamepigwa bila onyo lolote, siwezi kueleza ile raha ya kufa kwa sababu inayoeleweka.

Kitu kingine ni jinsi nchi yake ilivyounganishwa. Unapigana, unapanda minara, unadhani umefika mbali sana. Kisha unasukuma mlango mmoja wa chuma na unajikuta umetokea palepale ulipoanzia, nyuma ya ukuta ambao ulikuwa ukiupita kila siku. Mara ya kwanza iliponitokea niliweka pedi ya gemu chini nikacheka peke yangu, kimyakimya. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Kasoro ninazo pia, na kubwa kuliko zote ni hii: halisimami.

Wachezaji mnanielewa. Magemu mengine ukibonyeza kitufe, kila kitu kinaganda, unakwenda kupokea simu, unarudi. Hili haligandi. Ukifungua begi lako kutafuta dawa, adui anaendelea kuja. Mtu akibisha hodi, adui anaendelea kuja. Najua wapo watakaoniambia ndio utamu wenyewe. Watakuwa ni watu ambao hawajawahi kuwa na mama mkwe.

Maana ndivyo alivyonikuta. Nilikuwa nimefika kwa bosi wa kwanza, yaani adui mkuu anayeziba njia, Mlinda Lango, mwanamke mrefu aliyevaa chuma mwili mzima, anapigana kwa mnyororo. Chumba chake ni chembamba, na kamera ya gemu hili ukibanwa kwenye kona inageuka kukuonyesha ukuta. Hiyo nayo ni kasoro, na haina udhuru. Nilikuwa nahangaika na kamera, nimetoa ulimi nje, ndipo nikahisi mtu nyuma yangu.

Sikuweza kusimamisha. Mikono yangu iliendelea kucheza yenyewe.

"Huyo mwenye ngao ni nani?" Bi Somoe akauliza.

"Ni mimi, mama."

Akazunguka polepole, akakaa kwenye kochi. Mlinda Lango akanizungushia mnyororo, nikaanguka.

"Umekufa?"

"Nimekufa, mama. Ila narudi."

Neno likawa limeshatoka. Aliangalia mikono yake, na mimi nikatamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimeanza kutafuta rimoti ili nizime, aliposema, "Haya, rudi basi nikuone."

Tangu siku hiyo, tukishakula na kuosha vyombo, akishaswali, anakaa. Haniambii washa. Anakaa tu upande ule wa kochi unaoangalia TV, na mimi naelewa. Hakuwahi kunisaidia hata kidogo. Kila nikisimama mbele ya Mlinda Lango alikuwa akimwonea huruma. "Mwanamke mwenzio huyo. Amekukosea nini? Kaambiwa alinde lango, analinda. Wewe geuka urudi ulikotoka." Nikimweleza kwamba nyuma ya lango ndiko gemu linakoendelea, anasema, "Hata huku kuna nafasi."

Alichokipenda ni mlimani. Ukipita daraja lililovunjika ukapanda njia ya mawe, unafika mahali hakuna adui hata mmoja. Kuna bibi mchungaji amekaa na mbuzi wake. Upepo unapita kwenye majani, mbuzi wanatafuna, wanajikuna kwenye miamba. Basi. Hakuna cha kufanya hapo isipokuwa kuongea na yule bibi na kupumzika. Waliotengeneza gemu gumu namna hii wakakumbuka kuweka mahali kama pale, nawavulia kofia.

"Tupeleke kwa mbuzi," Bi Somoe alikuwa akisema nikishakufa vya kutosha. Nampeleka. Tunakaa. Nikaanza kuwasha sauti kidogo ili asikie upepo. Hapo ndipo alipoanza kuongea nami. Alinieleza juu ya mbuzi aliokuwa akifuga, jinsi jike moja lilivyokuwa likifungua kitasa cha jiko kwa pembe, jinsi jirani alivyoapa kwamba ni wezi. Alikuwa akisimulia macho yake yakiwa kwenye kioo. Hakumtaja Mfaume, na mimi sikumtaja. Lakini alikuwa anaongea, na alasiri ikawa na mwisho.

Kisha nikafanya kosa la kusoma mtandaoni. Nilikuwa natafuta mbinu za kummalizia Mlinda Lango, nikakuta mchezaji mmoja ameandika kwa kulalamika: ukimuua tu yule mwanamke, ukirudi mlimani unakuta pameungua. Bibi hayupo, mbuzi hawapo. Gemu halikuonyi kabla, wala halikuelezi baadaye. Hadithi yake nzima imefichwa hivyo, vipande vidogo vya Kiingereza kigumu kwenye maelezo ya silaha na pete, maandishi madogo mpaka unasogea kwenye kioo. Kwangu hii ni kasoro mbaya kuliko hata kamera. Gemu lenye haki kwenye vita likikosa haki kwenye watu, limeniudhi.

Wakati huo nilikuwa nimeshamweza Mlinda Lango. Nilikuwa najua kila pigo lake. Lilikuwa suala la kumalizia tu.

Nikaanza kufa makusudi.

Nilikuwa nikiingia, nampunguza mpaka anabaki kidogo, kisha nashusha ngao. Bi Somoe akasema siku moja, "Leo umecheza vibaya kuliko jana," nikamjibu ndiyo mama, nimechoka. Sikumwambia kwa nini. Nilikuwa nimepata njia ya kuishi ndani ya nyumba hii na sikutaka kufungua lango lolote.

Juzi Alhamisi akaja wifi yangu Zuhura.

Zuhura ni dada yake Mfaume, anauza nyanya na vitunguu soko la Buguruni. Alikuja na majirani zake wawili na sufuria la pilau, bila kupiga simu. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu tulikuwa tunamsubiri mtu wa maji. Nilikuwa katikati ya pambano, nimekaribia pale ninaposhusha ngao.

Nitasema ukweli, maana hapa ni mahali pangu pa kusemea ukweli. Niliwasikia wakisema hodi. Niliwaona wakiingia kwa pembeni ya jicho. Na macho yangu hayakutoka kwenye kioo mara moja. Mlinda Lango alikuwa anavuta mnyororo, mwili wangu ukamjibu yeye kwanza.

Zuhura alikiona kile kitambo. Nadhani kingine chote angekisamehe.

"Kumbe," alisema.

Nikasimama, nikawaamkia majirani zake. Hakuna aliyekaa. Zuhura aliweka sufuria mezani taratibu, akaja mpaka niliposimama, akaichukua pedi mkononi mwangu. Hakunyang'anya. Aliichukua tu, na mimi nikaachia.

"Udongo wa kaburi la kaka yangu haujakauka," alisema kwa sauti ya chini. "Haujakauka, Dija. Na wewe unacheza."

Akaitia kwenye mkoba wake.

Nilimwangalia Bi Somoe. Alikuwa palepale kwenye kochi, tasbihi mkononi, upande ule unaoangalia TV. Nilingoja aseme neno moja. Aliangalia sakafu. Zuhura na wenzake wakaondoka, na mama mkwe wangu akainuka akaenda kulala bila kula. Pilau nililiweka kwenye friji.

Jioni ile kwenye kundi la ukoo la simuni kukaingia sauti ya Zuhura. Sikuisikiliza yote. Nilichosikia kinatosha: mjane yuko kwenye magemu, mama anadhalilika, wote wawili wapelekwe Lindi eda ikamalizikie nyumbani kwenye macho ya watu wazima. Baba mdogo Chande, mdogo wake marehemu baba mkwe, akaandika kwamba Jumamosi atakuja.

Jana Ijumaa ilikuwa ndefu kuliko siku zote za humu ndani. Sina pedi, sina maongezi. Bi Somoe hakukaa sebuleni. Nilisafisha kabati la vyombo lililokuwa safi. Nilisimama dirishani nikaangalia kipande cha barabara kinachoonekana, vichwa vya watu vikipita na marobota. Nilifikiri: hata hiki kipande wananichukulia. Lindi ni kwao, si kwangu. Nikiondoka humu eda ikiwa haijaisha, nyumba itapangishwa mtu mwingine na meza yangu ya Aggrey itakuwa ya mtu mwingine, na mahali pa mwisho nilipomwona Mfaume akivaa viatu pataingia kabati la mtu mwingine.

Leo walifika baada ya adhuhuri. Kwa kuwa baba mdogo si maharimu wangu, yaani dini hainikatazi kuolewa naye, nilikaa chumbani kitandani, pazia limeshushwa mlangoni. Nilikuwa naona miguu yao tu chini ya pazia. Soksi za baba mdogo, za kijivu. Miguu ya Zuhura yenye vumbi la sokoni. Miguu ya Bi Somoe iliyovimba, ameivua kandambili.

"Shikamoo baba," nikasema kwa ndani.

"Marahaba mwanangu. Pole sana kwa kila kitu."

Zuhura akaeleza. Alieleza bila kuongeza chumvi, lazima nimpe haki yake. Baba mdogo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hicho ulichomchukulia ni nini hasa?"

"Pedi," Zuhura akasema.

Soksi za kijivu zikasogea nyuma kidogo. Baba mdogo akakohoa.

"Ya gemu, baba," nikasema haraka nyuma ya pazia. "Kile kidude cha kushika mkononi unachezea."

"Ahaa. Haya. Sawa." Akavuta pumzi. "Hilo gemu ni la kamari?"

"Hapana, baba."

"Unaongea na watu huko? Wanaume?"

"Hapana. Sikuliunganisha na mtandao. Nacheza peke yangu."

"Muziki?"

"Nazima."

Nilisikia feni ya sebuleni na spika ya chini ikitaja bei. Ndipo Zuhura akaanza kuongea, na sauti yake haikuwa ile aliyotumia kueleza.

"Baba mdogo, gemu si hoja. Hoja ni kwamba mimi nilizika Jumatano, Jumatatu nikarudi sokoni. Nasimama pale nacheka na wateja, napima nyanya, mtu ananiambia mbona umenuna leo. Sina mahali pa kulia. Yeye amepewa kukaa. Kafungiwa mlango, kaambiwa mlilie mumeo. Halafu anakaa kwenye TV. Mimi ningepewa siku moja tu ya hizo."

Mimi nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu jana, mengi tu, na yote yakanitoka. Maana alichosema ni kweli. Sijalia tangu siku ya maziko. Wakati wa wageni nilikuwa na wageni. Wageni walipoondoka nikachukua pedi. Gemu hili linakutaka macho yote na mikono yote, hakibaki kitu cha kufikiria. Nilikuwa nimepanga kuandika hilo kama sifa yake kubwa kuliko zote. Nikiwa nyuma ya pazia nikaliona upya na sikujua tena niliweke upande gani.

Kisha miguu iliyovimba ikajikusanya.

"Zuhura," Bi Somoe alisema. "Mimi nilikuwa nacheza naye."

"Mama, wewe unaweza kucheza nini."

"Nilikuwa naangalia. Kila siku. Alhamisi ulivyoingia nilinyamaza kwa sababu nilikuonea haya wewe, mwanangu wa kumzaa. Mtu mzima mimi, mtoto wangu kafa, nimekaa naangalia mbuzi kwenye TV. Nikamwacha huyu abebe peke yake. Haikuwa vizuri." Akapumzika. "Kama ni kosa, ni letu wawili. Na Lindi siendi sasa. Nikifika nitakikuta kitanda chake cha ujana, kiko vilevile. Sijawa tayari kukiona. Niacheni kwanza na huyu. Huyu hanisemeshi kama sitaki."

Nilikuwa nimeziba mdomo kwa khanga.

"Na wewe mwanangu," baba mdogo akauliza upande wa pazia, "mwenyewe unasemaje?"

Nilikuwa na maneno machache tu. "Nataka kumalizia hapa baba. Aliponiacha."

"Ndivyo dini inavyosema pia," akajibu. "Mjane anakaa alipoachwa. Zuhura, hili halina mjadala, na wewe unalijua. Ulikuja na uchungu wako, si na hoja." Hakusema kwa ukali. Akaomba dua, akamwombea Mfaume kwa jina lake kamili na la baba yake, tukaitikia amina, sisi wote, pande zote mbili za pazia. Aliondoka kabla ya alasiri.

Zuhura alibaki. Alifunua pazia, akaingia, akakaa kando yangu kitandani. Sikuomba msamaha, naye hakuomba. Nyuma ya mlango bado linaning'inia shati la kazini la Mfaume, lile la bluu lenye doa la grisi ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote. Aliliangalia sana.

"Lichukue," nikamwambia.

Alilitoa kwenye msumari, akalikunja, akaliweka mapajani. Akakaa nalo. Alipoinuka kuondoka ndipo alipokumbuka.

"Pedi yako nimeisahau Buguruni. Nitaileta nikija."

Sijui kama ameisahau kweli. Sikumuuliza.

Kwa hiyo nimebaki. Nilishinda, nadhani, ingawa kushinda kwenyewe ni kubaki ndani ya kuta zilezile, joto lilelile, spika ileile. Dirisha langu ninalo. Eda bado ndefu mbele yangu na siwezi kuisogeza hata kwa kidole.

Mlioniuliza kama mlicheze: ndiyo, kama una subira na kama mlango wako watu hawaingii bila kubisha. Msitegemee hadithi, hadithi mtaisaka wenyewe. Jihadharini na kona kwenye chumba cha Mlinda Lango. Nusu ya pili sijaiona, na wapo wanaosema imejaa mabosi walewale waliobadilishwa rangi. Sitasema nisichokiona. Na kama unalichezea huzuni yako, jua kwamba litaishika vizuri sana, lakini halitakufanyia kazi yake. Sijui kama hiyo ni kasoro ya gemu au ni yangu.

Baada ya magharibi nilibaki kwenye mswala. Nilikuwa nimeinama kukunja khanga, kilio kikaja. Kilikuja kutoka chini kabisa, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Bi Somoe alikuwa kwenye kiti, anaswalia hapo kwa sababu ya magoti. Hakuninyamazisha. Hakuniambia nimshukuru Mungu, ingawa tunamshukuru. Aliteremka kwenye kile kiti kwa shida, akakaa chini kando yangu, akaushika mkono wangu mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Sebule ilikuwa giza, hatukuwasha taa. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, "Mama, Mfaume alikuwa mtoto wa namna gani?"

Aliuachia mkono wangu. Nikadhani nimemuumiza.

"Mbishi," akasema. "Mbishi mpaka kwenye kula." Na akacheka kidogo, puani, hivyohivyo alivyokuwa akicheka Mfaume. Sikuwahi kujua kwamba kicheko kile alikitoa kwa mama yake.

Nikataka aendelee. Akasema leo amechoka, magoti yanamuuma, atanieleza kesho tukishakunywa chai. Nikamsaidia kuinuka, nikampeleka kitandani.

Nami nimekuja hapa kuandika. Tangu nikae humu ndani sijawahi kuingoja asubuhi. Leo naingoja.